Tokyo ya Agosti Ina Joto Kuliko Nairobi, Kwa Hiyo Wacheni Oili ya 20W-50

Kuna sentensi moja utakayoisikia kuanzia Kirinyaga Road hadi gereji za Industrial Area, na ikisemwa mwezi wa Julai inaudhi maradufu. Fundi amevaa koti juu ya ovaroli, mwenye gari amejikunyata na kikombe cha chai, halafu inakuja: "Mkubwa, Nairobi ni joto. Hii tuiwekee oili nzito, 20W-50."

Joto gani? Hilo la nyuzi 12 asubuhi?

Gari linalozungumziwa ni Axio, Premio, Allion au Sylphy, yaani gari la kupeleka watoto shule na mama kanisani. Limetoka Japani. Tokyo mwezi wa Agosti hupita nyuzi 35, tena na unyevu wa kutosha kulowesha shati, na magari ya huko hukaa kwenye foleni na oili ya 0W-20 tumboni bila kulalamika. Limevuka bahari, likapanda hadi mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mji ambao nyuzi 30 ni habari ya kuzungumziwa kwenye matatu, ndipo tunaambiwa sasa limefika kwenye joto.

Hata hivyo, ubaya wa hoja hii hauishii kwenye jiografia. Injini ina themostati. Kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, halafu kuyaachia ili joto litulie kwenye nyuzi 80 na kitu au 90. Iwe Limuru, iwe Mombasa, iwe Osaka, injini nzima ikishapata moto hufanya kazi katika joto lilelile. Kwa gari la familia, hewa ya nje huamua zaidi namna injini inavyoamka asubuhi. Na hapo ndipo 20W-50 inapoharibu mambo.

Tuzisome hizo namba, kwa sababu wengi huzitaja kama namba za bahati nasibu. Ya kwanza, yenye W, ni tabia ya oili kwenye baridi: 0W hujaribiwa kwa nyuzi 35 chini ya sifuri, 5W kwa 30 chini ya sifuri, 20W kwa 15 chini ya sifuri. Ya pili ni uzito wake, yaani ugumu wake wa kumiminika, kwenye nyuzi 100, na hupimwa kwa sentistoki. Oili ya 20 inapaswa kuwa kati ya sentistoki 6.9 na 9.3, ya 30 kati ya 9.3 na 12.5, ya 50 kati ya 16.3 na 21.9. Kwa hiyo hata injini ikiwa moto kabisa, umeweka kitu kizito mara mbili hivi ya kile ambacho mhandisi alikipangia. Ikiwa baridi, pengo linapanuka. Angalia karatasi za kiufundi za watengenezaji: kwenye nyuzi 40, 20W-50 ya kawaida iko karibu na sentistoki 160, 5W-30 iko karibu na 60. Teremka hadi zile nyuzi 12 za alfajiri ya Julai na 20W-50 inamwagika kama asali.

Sasa fungua boneti ya Axio yenye injini ya 1NZ-FE. Hapo kuna VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa kufunguka kwa vali, na unasukumwa na nini? Na oili yenyewe. Oili hupita kwenye vali ndogo ya umeme inayoiongoza, na kabla ya vali hiyo kuna kichujio cha wavu, kidogo kiasi kwamba mafundi wengi wameishi miaka yote bila kujua kipo. Kimejificha nyuma ya boliti kwenye kichwa cha injini. Oili nzito, au yenye matope kwa kukaa sana, ikifika hapo inasuasua. VVT-i inajibu kwa kuchelewa, mngurumo wa gari likiwa limesimama unayumba, gari linakuwa zito kupanda, petroli inapanda, halafu taa ya injini inawaka na mashine ya kupimia inasoma kodi ya hitilafu, P0011 au P0012. Mwenye gari anauziwa sensa. Kisha plagi. Kisha koili. Hakuna anayegusa kile kichujio, na oili inayofuata ni 20W-50 tena, maana "injini imechoka".

Kuna na cheni ya taiming, ile inayofungamanisha mwendo wa shafti na vali. Kifaa kinachoikaza hutegemea presha ya oili. Ukisikia ule mkwaruzo wa sekunde mbili tatu ukiwasha gari asubuhi, huenda ni cheni inayongoja oili ifike. Kuipa oili ya kuchelewa ni kuurefusha mkwaruzo huo kila siku ya Mungu.

Mazoea haya yana asili yake, na hapo nawaelewa wazee. Enzi za Peugeot 504 na Datsun 120Y, nafasi kati ya beringi na shafti zilikuwa kubwa, hakukuwa na VVT-i, na 20W-50 ilikuwa oili ya heshima. Shida ni kwamba gari limebadilika na ushauri umebaki palepale, ukirithishwa kutoka fundi hadi mwanagenzi pamoja na spana.

Basi weka ipi? Mara nyingi jibu limeandikwa kwenye mfuniko wa kumiminia oili au ndani ya kitabu cha gari. Kitabu ni cha Kijapani, najua, lakini 0W-20 haina Kijapani. Ikiandikwa 0W-20, weka 0W-20, au 5W-30 ukiikosa. Vitabu vingi vya Toyota vinaruhusu hivyo. Ikiandikwa 5W-30, weka hiyo. Na haya, nitakubali shingo upande: 10W-30 haitaua injini ya zamani kidogo hapa Nairobi, kwa kuwa baridi yetu si ya barafu. Nitakubali pia kwamba Toyota wenyewe husema oili nzito kidogo inafaa kwa mwendo wa kasi au mzigo mkubwa, kwa hiyo ukipeleka familia nzima Mombasa na buti limejaa, 5W-30 badala ya 0W-20 ina mantiki. Nzito kidogo, nimesema. Na injini inayokula oili kweli, kama zile 1ZZ-FE za mwanzo ambazo ringi zake za pistoni zilijulikana kwa hilo, unaweza kuisogeza hadi 5W-40 ukiwa unatafuta pesa za ringi. Lakini kwanza kagua vali ya PCV, ile inayotoa gesi za ndani ya injini, ni rahisi kuliko kufungua injini.

Ubora nao husomwa kwenye lile duara la API, taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga madaraja ya oili. SP ni ya mwaka 2020, SN ya 2010, na zote mbili zinafaa. SF au SG ni daraja ambalo API wenyewe walishalifunga kitambo, ilhali bado linauzwa kwa bei ya kuvutia. Ya kupimwa kutoka kwenye pipa haina duara lolote, na mtungi wa lori la dizeli uachie lori.

Jambo moja dogo linaloniudhi kuliko ukubwa wake: mtungi wa lita 4. Injini ya 1NZ-FE inataka lita 3.7 ukibadilisha filta, 3.4 usipoibadilisha. Fundi anamimina mtungi wote, anautingisha hadi tone la mwisho, eti umelipia. Kama filta haikubadilishwa, umezidisha lita 0.6. Oili ikipanda sana kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini, shafti inaichapa kama mayai, inapata povu, na pampu inavuta hewa badala ya oili. Ukiwa umebadilisha filta, mimina lita 3.5, washa dakika moja, zima, ngoja dakika tano gari likiwa mahali tambarare, vuta kijiti, kifute, kirudishe, kivute tena, ndipo uongeze kidogokidogo hadi karibu na alama ya juu. Ile inayobaki itakufaa mwezi ujao. Premio na Allion zenye 2ZR zinachukua lita 4.2 ukibadilisha filta, kwa hiyo huko mtungi mmoja hautoshi, na kuna anayeuacha hivyohivyo.

Ile washa, kipete cha kuzibia nati ya kumwagia oili kwenye sampu, iwe mpya kila servisi. Ni bei ya peremende. Na nati yenyewe haikazwi kwa bomba refu na uzito wa mwili; Toyota wanataka kama Nm 37 (kipimo cha nguvu ya kukaza), zaidi ya hapo unaua nyuzi za kukazia nati kwenye sampu.

Kuhusu kilomita: stika ya servisi ya kilomita 10,000 haijui Waiyaki Way saa kumi na mbili jioni. Kilomita 5,000 kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa ni saa 250 za injini kunguruma. Kwa 60 ni saa 83 tu. Odometa ni ileile, oili si ileile. Japani kwenyewe Toyota hutaja kilomita 15,000 kwa matumizi ya kawaida na 7,500 au miezi sita kwa matumizi magumu. Vumbi, safari fupi na foleni yetu, hayo ndiyo matumizi magumu. Kwa hiyo badilisha oili nzuri ya sintetiki kila kilomita 7,000. Ya kawaida, 5,000.

Kuosha injini kwa dizeli kabla ya kuweka mpya: hapana. Dawa za chupa ndogo: hapana. Oili kuwa nyeusi baada ya wiki mbili: huenda inaosha tu, iache.

La mwisho ni feki, kwani ukichagua vizuri halafu ukauziwa rangi na maji ya pipa, umepoteza muda wetu sote. Pete ya mfuniko iwe haijakatika, namba ya toleo iwe imepigwa kwenye plastiki yenyewe na si kwenye karatasi tu, na bei isiwe ya miujiza. Mitungi mitupu yenye lebo safi hununuliwa ili ijazwe tena. Kwa hiyo servisi ikiisha, chukua bisibisi utoboe mtungi wako hapohapo, mashimo mawili chini, moja kwenye lebo. Fundi akikuomba umwachie ukiwa mzima, muulize ni wa kazi gani.