Dodoma tupande blakiberi, rasiberi tuwaachie wenye baridi

Mvua za kwanza zikishaanza, kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima wa hapa Dodoma huanza kupita picha za vikapu vya matunda mekundu na meusi, na chini yake bei ya mche. Hizo ni rasiberi na blakiberi, matunda madogo ya vichakani, na zinanadiwa kwa maneno yaleyale: zinazaa haraka, hoteli zinazitafuta, ukipanda leo umetoka. Jina la aina halitajwi. Anayekuuzia mche wa blakiberi bila kukwambia ni aina gani anakuuzia mbuzi kwenye gunia, maana kwa hali ya hewa yetu aina ndiyo inayoamua kama utakula matunda au utabaki na kichaka cha majani.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa mkulima wa Dodoma mjini, Bahi, Chamwino mpaka Manyoni, blakiberi inawezekana, ukichagua aina inayofaa na ukaikata kwa wakati wake. Rasiberi nyekundu, ile inayong'aa kwenye picha, hapana. Wapo walioshaagiza miche na hawatapenda kusikia hivi, lakini afadhali waumie sasa kuliko miaka miwili ijayo.

Mimea hii asili yake ni nchi za baridi kali. Majira ya baridi yakifika huko, inapukutisha majani na macho yake, yaani sehemu za kuchipulia, yanalala. Hayaamki mpaka yapate saa za kutosha za baridi, na wataalamu huzihesabu saa ambazo joto liko chini ya nyuzi 7. Rasiberi nyingi za kawaida zinadai saa 800 na kuendelea. Sasa jiulize, Dodoma tunazipata wapi? Usiku wa Julai, ule tunaoulalamikia hadi tunatoa makoti sandukuni, kwa kawaida joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14 tu. Kwa mmea wa namna hii hiyo bado ni hali ya kuendelea kukua. Basi unakua kweli, majani mengi, mashina marefu, na maua hakuna, au yanatoka machache ya kuokoteza. Mkulima anadhani samadi haitoshi, anaongeza. Majani yanazidi.

Wauzaji wajanja wana jibu kwa hili. Watakwambia ziko rasiberi zinazozaa kwenye shina la mwaka huohuo, kama Heritage iliyotolewa New York mwaka 1969, au Autumn Bliss ya Uingereza, na kwamba hizo hazisubiri baridi ndefu. Ni kweli, kwa zao la kwanza hazisubiri. Wasichokisema ni joto. Rasiberi haipendi joto linalovuka nyuzi 30, na kwetu Oktoba na Novemba jua la mchana linafika huko bila shida. Upande wa tunda unaotazama jua, vile vitone vidogo vinavyounda tunda vinageuka vyeupe na kukauka, na tunda zima linameguka mkononi.

Halafu kuna umbile la tunda lenyewe. Ukichuma rasiberi, kiini chake kinabaki kwenye mmea, unaondoka na kikombe chenye uwazi katikati. Ukichuma blakiberi, kiini kinakuja pamoja na tunda. Kwa hiyo rasiberi inapondeka haraka, na bila friji unaihesabia siku moja, mbili ukibahatika. Moroko wanauza rasiberi nyingi Ulaya, lakini wanalima ndani ya mahema ya plastiki, na tunda linaingia chumba cha baridi mara tu baada ya kuchumwa. Mfikirie mkulima wa Mvumi anayepeleka mzigo mjini kwa bodaboda saa sita mchana. Kitakachofika ni uji.

Iko rasiberi moja ambayo haidai baridi kabisa, ile nyeusi inayoitwa Mysore, yenye asili ya Bara Hindi na nchi za jirani zake. Inazaa vizuri kwenye joto. Hata hivyo, naomba tusiiguse. Kwenye visiwa vya Galápagos imegeuka janga: ndege wanakula matunda, wanasambaza mbegu, na misitu ya asili imejaa vichaka vya miiba vinavyogharimu fedha nyingi kuvidhibiti. Sisi tuna milima ya Kiboriani kule Mpwapwa na vilima vya Kondoa, vyenye misitu midogo iliyobaki kwa taabu. Kikapu cha matunda hakitoshi kulipia hasara hiyo.

Turudi kwenye blakiberi, ambako uchaguzi ndipo unapokuwa mtamu. Hapa pia usiamini jina la jumla. Navaho, kwa mfano, haina miiba na tunda lake ni tamu sana, wengi wanaipenda kwa hilo, lakini inadai saa 800 hivi za baridi, kwa hiyo kwetu haina kazi. Kinyume chake ni Brazos, iliyotolewa na chuo kikuu cha Texas A&M mwaka 1959, na Tupy ya Brazil, iliyotolewa mwaka 1988. Hizi zinaridhika na saa chache, kwenye 200 au 300. Zote mbili zina miiba, na Brazos ina uchachu zaidi.

Hata hizo saa 200 hatunazo, utasema. Sawa, na wakulima wa Michoacán kule Meksiko nao kwa muda mrefu walikuwa na tatizo la namna hiyo. Eneo lao la Los Reyes liko juu kama mita 1,300, letu la Dodoma ni kama mita 1,100. Walichofanya ni kutosubiri majira ya baridi. Shina likishakomaa wanaliangusha majani kwa dawa, wanapunguza ncha, kisha wanapulizia vichochea ukuaji, na macho yanaamka kana kwamba baridi imepita. Kwa njia hiyo, wakianza na Brazos na baadaye Tupy, Meksiko imekuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa blakiberi duniani.

Mkulima wa zabibu wa Hombolo, Mpunguzi au Makutupora akisoma aya hiyo atatabasamu, kwa sababu ndiyo kazi yake ya kila mwaka. Mzabibu nao ni mmea wa nchi zenye baridi. Hapa tunaukata, tunaulazimisha kuchipua upya, na tunavuna mara mbili kwa mwaka, kuanzia Februari na kuanzia Agosti. Hakuna mkoa mwingine Tanzania wenye watu wengi wanaojua kuusoma mmea wa namna hii na kuuamsha kwa mkasi. Ujuzi upo mikononi mwetu tayari. Ndiyo maana inaniuma nikiona mtu wa Dodoma anauziwa mche ambao hata hauhitaji ujuzi huo, kwa sababu hautazaa kabisa.

Kundi jingine ninalolipigia debe ni blakiberi zinazozaa kwenye shina la mwaka wa kwanza. Kwa kawaida shina la blakiberi linaishi miaka miwili: wa kwanza linakua, wa pili linazaa na kufa. Chuo kikuu cha Arkansas kilitoa za kwanza za kundi hili mwaka 2004, zikafuatiwa na Prime-Ark 45 mwaka 2009 na Prime-Ark Freedom mwaka 2013, hii ya mwisho ikiwa haina miiba. Kwa mtu mwenye watoto nyumbani, kukosa miiba si jambo dogo. Freedom ni ya kula nyumbani na kuuza jirani, tunda lake ni laini. Anayetaka kusafirisha atafute Prime-Ark Traveler, tunda lake ni gumu kidogo na linavumilia safari.

Lakini kundi hili lina udhaifu mmoja ambao kwetu ni hatari. Joto likipita nyuzi 29 wakati wa maua, tunda linafunga vibaya: linakuwa dogo, vitone vichache, lina mapengo. Kwa hiyo kalenda ni muhimu kuliko mbolea. Ninachoshauri ni kukata mashina yote chini kabisa mwishoni mwa Februari, ili machipukizi yatumie mvua za Machi na Aprili. Yakifika urefu wa mita moja hivi, kata ncha laini ili yatoe matawi ya pembeni. Maua yaje Juni na Julai, miezi yetu ya ubaridi, na matunda yaive Agosti na Septemba kabla jua la Oktoba halijashika kasi. Ukiacha mmea uchague wenyewe wakati wake, utachanua Novemba, na hapo umeshapoteza.

Maana yake pia ni kumwagilia tangu Mei, kwa sababu Dodoma inapata kama milimita 570 za mvua kwa mwaka na karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili. Kama maji ya kisima chako yana chumvi, yapimwe kwanza. Mimea hii inataka udongo wenye uchachu kidogo, na ukiona majani machanga yanakuwa njano huku mishipa yake imebaki kijani, ujue udongo au maji yana magadi na mmea unashindwa kuvuta madini ya chuma. Udongo mweusi wa mbuga usiufikirie, maji yanatuama na mizizi inaoza. Kuhusu matandazo, vitabu vya nje vinasema tandaza majani makavu kwa wingi. Hapa ukitandaza mabua ya mtama yakagusa shina umewaandalia mchwa meza. Mimi naacha nafasi ya shubiri moja kuzunguka shina na naangalia kila wiki.

Sasa lile la gunia. Miche mingi inayouzwa mtaani kwa jina la blakiberi ni miforosadi. Jirani yangu wa Ipagala alinunua kwa bei ya juu, na baada ya mwaka ana mti mzuri unaopita ukuta. Kutofautisha ni rahisi mno. Jani la mforosadi ni moja zima, na ukilikonyoa kikonyo kinatoa utomvu mweupe kama maziwa. Jani la blakiberi limegawanyika vijani vitatu au vitano, na halina utomvu huo. Kama umeshauziwa mforosadi, usiung'oe. Unavumilia ukame wa kwetu kuliko blakiberi yoyote, na watoto wataumaliza wenyewe. Kosa la muuzaji ni kutoza bei ya kitu kingine.

Miche halisi ya aina nilizozitaja itabidi itoke nje ya nchi, na hapo sheria ifuatwe. Kibali cha kuingiza mimea kinatolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, na mzigo lazima uje na cheti cha afya ya mimea kutoka unakotoka. Miche ya kwenye begi la mgeni kutoka Ulaya inaweza kuleta virusi na kuvu ambavyo hatunavyo, na tukiangalia uchumi wa mizabibu unaolisha familia nyingi hapa, sioni kwa nini tuuchezee. Waagizaji wajiunge, wachukue miche ya maabara, kibali kimoja. Aina za Prime-Ark pia zina hakimiliki, kwa hiyo kuzidisha vipandikizi na kuviuza bila ruhusa ni kujitafutia kesi.

Kwa soko, usianze na ekari. Mistari miwili nyuma ya nyumba inatosha kukufundisha kuchuma, na kuchuma ndiko kunakoharibu jina la wakulima wengi. Blakiberi haiivi zaidi ikishachumwa. Tunda likigeuka jeusi la kung'aa linaonekana tayari, lakini liweke mdomoni, litakukunja uso. Lisubiri siku mbili tatu mpaka mng'ao upotee, liwe jeusi la kufifia na liachie kwa kuguswa tu. Hapo ndipo lina sukari. Hilo la kufifia ndilo la kumwonjesha mpishi wa hoteli. Lile la kung'aa linasafiri vizuri zaidi, kwa hiyo kama mteja wako yuko Dar es Salaam utalazimika kuchuma katikati ya hatua hizo mbili, alfajiri kabla jua halijapanda, kwenye vikopo vifupi visivyozidi tabaka mbili za matunda. Yatakayobaki yaliyoiva mno yatie kwenye friji la kugandisha siku hiyohiyo, watengenezaji wa jemu na juisi hawajali umbo.