Kabla ya Kununua Mfumo, Mtafuteni Atakayejibu

Chuo kikuu kikianza kupanga masomo ya mtandaoni, kikao cha kwanza huwa ni cha mfumo. Moodle, programu ya kuendeshea kozi mtandaoni, au mfumo wa kulipia? Seva tuweke wenyewe au tukodi? Zoom au Teams? Mkuu wa TEHAMA anaitwa, bei zinasomwa, kamati ndogo inaundwa, chai inaletwa. Kati ya maswali yote yaliyoko mezani, hilo ndilo jepesi zaidi, na nadhani ndiyo sababu linapendwa.

Moodle ni ya bure. Martin Dougiamas aliitoa kule Australia mwaka 2002, na fundi anayejua kazi yake anaisimika kwa siku moja. Shida iko kwa mwanafunzi aliyeandika swali Jumanne saa nne usiku, watoto wakishalala, akasubiri jibu mpaka wiki ya mitihani.

Fungua kozi moja tu ya mtandaoni uone. Wiki ya kwanza, slaidi. Wiki ya pili, slaidi. Wiki ya tano, patupu. Chini kabisa kuna jukwaa la majadiliano: mmoja kauliza kama kazi ya pili inatumwa kwa Word au kwa PDF, mwenzake kamjibu "hata mimi nasubiri", wa tatu kaweka dole gumba. Basi. Kozi yenyewe ilishahamia kwenye grupu la WhatsApp, ambako CR, mwakilishi wa darasa, amegeuka mhadhiri, mkutubi na ofisi ya usajili kwa mpigo.

Mhadhiri wa kozi hiyo si mvivu. Jedwali lake la mzigo wa kazi linahesabu saa anazosimama darasani. Kujibu maswali usiku, kurekodi somo, kuandika maoni kwenye kazi za wanafunzi: vyote hivyo havina safu kwenye jedwali. Piga hesabu. Wanafunzi 200, kila kazi moja dakika 10 za kusoma na kuandika maoni, ni zaidi ya saa 33. Hiyo ni karibu wiki nzima ya kazi kwa zoezi moja tu, na bado ana darasa la Jumatatu na kikao cha idara. Kwa hiyo anapandisha slaidi, anaenda zake. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Waliofanikiwa katika jambo hili walilijua mapema. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipewa hati yake mwaka 1969, na watu wengi wanakikumbuka kwa vipindi vyake vya televisheni kupitia BBC. Lakini vipindi havikusahihisha kazi ya mtu. Kilichokibeba chuo kile ni wakufunzi wa muda waliotapakaa nchi nzima, kila mmoja na kikundi chake, wakipokea kazi kwa posta na kuzirudisha zimejaa maandishi pembeni. Hapa kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, enzi ambazo intaneti ilikuwa hadithi, na kikajengwa juu ya vitini vya kuchapwa na vituo vya mikoani. Unaweza kuvilalamikia vituo vile kwa mambo mengi. Lakini mwanafunzi wa Songea alikuwa na mlango wa kugonga. Mifumo mingi ya leo imemwondolea hata huo.

Yupo pia aliyejaribu kuanzia kwenye mitambo. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, kikirushia vyuo vya Afrika mihadhara ya maprofesa wa ng'ambo kwa setilaiti. Baadaye makao yake yakahamia Nairobi, na kazi yenyewe ikabadilika: kikaanza kuandaa kozi pamoja na vyuo vya Afrika vyenyewe. Setilaiti ilikuwa ya kisasa kweli kweli kwa wakati wake.

Teknolojia bado ina nafasi yake, ila ianze kupangwa kutoka kwenye simu ya mwanafunzi, ije juu. Chukua muhadhara wa dakika 45. Ukiurekodi kwa video safi, inayokula kama megabiti 1.5 kwa sekunde, unapata faili la takriban MB 500. Mwenye kozi tano, mihadhara miwili kwa wiki kila moja, wiki 15, anatakiwa kupakua GB 75 kwa muhula. Nani atanunua bando hilo kwa boom, fedha ya kujikimu ya mwanafunzi, ambalo tayari linagombaniwa na kodi ya chumba? Sauti peke yake, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, muhadhara huo huo ni kama MB 11, na muhula mzima hauzidi GB 2. Weka sauti, weka kitini kizuri chenye michoro, na video zibaki kwa pale tu ambapo jicho lazima lione: mkono unaoshona kidonda, mstari wa grafu unaopinda. Programu ya Moodle ya simu inamruhusu mwanafunzi kupakua vitu akiwa kwenye Wi-Fi na kuvisoma baadaye bila mtandao. Ajabu ni kwamba wiki ya utambulisho mwanafunzi anafundishwa kubadili nywila, hilo haambiwi.

Na seva iwe hapa nchini. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania yote ikahisi. Seva iliyoko Dar es Salaam, inayobadilishana data na kampuni za simu hapa hapa, haihitaji kebo ya baharini ili mtu wa Mwanza aifikie. Mitihani mikuu mimi ningeiacha kwenye vituo, karatasi na msimamizi. Kamera ya kumchungulia mtahiniwa chumbani kwake, umeme ukiwa wa kubahatisha, ni rufaa zinazojipanga foleni.

Turudi kwenye jedwali la mzigo wa kazi, maana ndipo mpango unapofia. Kwa hesabu ya krediti tunayoitumia Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Ukirekodi mihadhara ya saa 30, umebakiza saa 90, na swali la kweli ni hizo: atasoma nini, ataandika nini, nani atakisoma alichoandika na kwa muda gani. Idara inayojaza jedwali la saa hizo 90 kwa kila kozi imeshapanga programu. Isiyoweza kulijaza ina orodha ya mihadhara tu, hata ikinunuliwa mfumo wa mamilioni.

Ningepewa bajeti, ningeanza na programu moja, tuseme stashahada ya uzamili ya ualimu kwa watu walioko kazini. Wakufunzi wa muda, mmoja kwa kila wanafunzi 25, walipwe kwa kazi wanazosahihisha na ahadi ya kujibu swali ndani ya saa 48 iandikwe kwenye mkataba wao. Mtu mmoja wa kuwasaidia wahadhiri kugeuza vitini vyao kuwa kozi. Si fundi wa kompyuta, ni mwalimu anayejua kompyuta. Fundi awe na zamu ya usiku na ya Jumamosi, kwa sababu ndipo wanafunzi wetu wanaposoma. Hesabu hiyo ikiwekwa mbele ya baraza la chuo, kuna atakayeuliza: mbona mishahara imeizidi mitambo? Ndivyo inavyopaswa kuwa. Na baraza likikataa kuwalipa wakufunzi, programu isitangazwe, wanafunzi waendelee na masomo ya jioni.