Achari Yangu Ilifura, Nikaenda Ngomeni

Kaskazi moja, maembe yakiwa tele hadi punda wanayapita, chupa zangu za achari zilianza kufura. Nilikuwa nimeweka chupa 36 katika maduka matatu huku Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, pwani ya Kenya. Alasiri moja mwenye duka akanipigia simu: "Dada, njoo uone mambo yako." Vifuniko vilikuwa vimebinuka juu, na kimoja alipokigusa kilitoa mlio na povu likamwagikia daftari lake la madeni. (Baadhi ya wateja wake hadi leo wananishukuru kwa povu lile.) Nikazikusanya zote, nikazirudisha nyumbani.

Habari ikafika barazani kabla yangu. Shangazi yangu hakuwa na shaka: "Hilo ni jicho, mwanangu. Umezipanga mbele ya watu, zimeonwa." Jirani akasema siki ya siku hizi ni maji matupu. Mzee mmoja, ambaye nina hakika hajawahi kumenya hata kitunguu, akashikilia kuwa chumvi ndiyo haina nguvu. Wengine wakashauri nichukue mkopo nianze upya, kwa kuwa siku hizi tatizo lolote la biashara hutibiwa kwa mkopo. Mifuko ya mikopo ya serikali imejaa: kuna Hazina ya Wanawake, kuna Uwezo, na tangu Novemba 2022 kuna Hustler Fund inayokuja hadi kwenye simu yako. Hakuna aliyeniuliza: ukikopa ukatengeneza chupa 100 nyingine, nazo zikafura?

Sisi watu wa Amu, yaani Lamu, utafiti wetu wa biashara huufanya barazani, na siudharau. Baraza linajua harusi ya nani inakuja na itahitaji achari kiasi gani, linajua mashua ipi imechelewa Mokowe na kwa nini. Kasoro yake ni moja: halijui kusema "sijui". Uliza lolote, utajibiwa, tena kwa kiapo.

Jibu la kweli nililipata maktaba, nako niliingia kwa bahati. Mpwa wangu alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, nami nikampeleka ngomeni ili nihakikishe anafika kweli. Ngome yetu, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, iligeuzwa gereza na ikabaki hivyo hadi 1984, kwa hiyo wako wazee wa mji huu walioijua kwa ndani bila ya kupenda. Leo ni makumbusho, na humo humo mna maktaba. Nimepita mbele ya mlango wake maisha yangu yote nikienda sokoni.

Nilipochoka kukaa nikamfuata mkutubi, nikamwambia nataka vitabu vya biashara.

"Biashara gani?"

"Achari."

"Achari ina nini?"

"Inafura."

Akacheka kidogo. "Basi hutafuti kitabu cha biashara, dada."

Mazungumzo yale yalinifaa kuliko semina zote nilizowahi kulishwa biskuti na maji ya chupa. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa namba za Dewey, mfumo ulioanza 1876. Vitabu vya kuendesha biashara viko 658, na huko ndiko kila mtu hukimbilia: jinsi ya kuwa tajiri, jinsi ya kuongoza watu, siri za waliofanikiwa. Tatizo langu mimi lilikuwa 664, teknolojia ya vyakula. Anayetengeneza sabuni ya mafuta ya nazi ataipata 668, fundi wa viti na makabati 684, na mvuvi wa Kizingitini 639. Kwa maoni yangu, biashara ndogo nyingi zinazokufa hapa kwetu hazifi kwa kukosa maarifa ya 658. Zinakufa kwa sababu bidhaa yenyewe ina kasoro ambayo mtu mwingine, mahali pengine, alishaichunguza akaiandika, na kitabu kimekaa kwenye rafu kikiliwa na chumvi ya bahari.

Nikasoma siku tatu, kwa Kiingereza changu cha kubabaisha na kamusi pembeni. Kilichofurisha chupa ni hewa ya vijidudu na hamira zilizobaki hai ndani, kwa sababu nilikuwa najaza achari ikiwa imepoa, katika chupa nilizoziosha tu bila ya kuzichemsha. Hilo nilikuwa nalinusa kidogo mwenyewe. Lililonitoa jasho ni jingine. Kuna kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum, hupenda mahali pasipo na hewa, kama ndani ya chupa iliyofungwa, na sumu yake huua. Chakula chenye sumu hiyo kinaweza kuonekana kizima kabisa. Ila hakikui penye ukali wa kutosha, ukali wa siki si wa pilipili, nao mpaka umewekwa: pH 4.6 kwenda chini (pH ndiyo kipimo cha ukali huo, namba ikishuka ukali unazidi). Embe bichi, ndimu na siki viko chini ya mpaka huo. Karoti na kitunguu saumu viko juu, na mimi, ili kubana gharama wakati embe limepanda bei, nilikuwa nikizidisha karoti.

Nikakaa pale na kitabu mkononi nikiwafikiria watu niliokuwa nimewauzia. Hakuna aliyeugua, alhamdulillahi.

Tangu hapo karoti naichemsha ndani ya siki kwanza, na haizidi kipimo. Chupa nazichemsha, achari naijaza ikiwa moto. Karatasi za kupimia ukali, zile zinazogeuka rangi, niliagiza Mombasa, na kila sufuria naipima kabla ya kufunga. Shangazi alipoona nachovya karatasi ndani ya achari alisema nimerogwa na wazungu. Nikampa aonje. Akanyamaza, na kwa shangazi yangu hiyo ni sifa kubwa.

Mkutubi akanionyesha pia kwamba si kila kitu kiko rafuni. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya yana mkusanyo wa viwango uitwao Codex Alimentarius, na humo kimo kiwango cha chatini ya embe cha mwaka 1987 na kingine cha matunda na mboga za siki cha 2007. Vyote vinasomwa bure kwenye intaneti. Niliposoma yanayotakiwa kuandikwa kwenye lebo, nikaona aibu kwa ile karatasi yangu iliyoandikwa "Achari Tamu" na namba ya simu basi. Ukitaka siku moja kwenda kwa shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, kuomba alama yao, ni heri ufike ukijua watakuuliza nini.

Kufura kulipokwisha, nikarudi na suali la pili: nimuuzie nani? Nilikuwa nimeshikilia watalii, kama kila mtu Lamu. Lakini mtalii ana msimu wake, na habari moja mbaya kwenye televisheni humfukuza miezi sita. Nikaomba ripoti ya sensa ya 2019, inayotolewa na shirika la taifa la takwimu, KNBS, na ambayo pia ni bure. Kaunti nzima ya Lamu ina watu 143,920. Lamu Mashariki, kule Faza, Kizingitini na Kiunga, ni watu 22,258. Lamu Magharibi ni 121,662, na hao si wote wa mji huu wa mawe. Wengi wako bara: Mokowe, Hindi, Mpeketoni, Witu.

Sasa mimi nilizaliwa na kukulia kisiwani, na kwa watu wa kisiwani bara ni mahali pa kupitia ukienda Mombasa. Sikuwahi kumfikiria mtu wa Mpeketoni kuwa mteja. Mbona yeye anakula ugali na maharagwe, achari ya nini? Basi nikapeleka chupa kumi na mbili kwa majaribio, na zikaisha wiki hiyo hiyo. Mwenye duka akaniambia ile kali ndiyo inayotakiwa, tena iletwe kwenye vichupa vidogo vya bei ya chini. Sensa haikunipa vichupa vidogo. Hayo niliyapata kwa kwenda na kuuliza. Bila ya sensa lakini nisingevuka maji.

Kuna kisa cha Mmarekani mmoja nakipenda, Chester Carlson. Miaka ya 1930 alifanya kazi katika idara ya hataza za uvumbuzi ya kampuni moja huko New York, na alichoshwa na kunakili nyaraka kwa mkono. Jioni alikwenda maktaba kuu ya jiji hilo kusoma, si vitabu vya biashara bali vya fizikia, na humo akakutana na maandishi ya Mhungari Pál Selényi kuhusu umeme na mwanga. Tarehe 22 Oktoba 1938 akapata nakala yake ya kwanza kwa njia aliyoibuni mwenyewe, ile iliyozaa fotokopi. Makampuni yakamkataa miaka mingi, na mashine iliyolitajirisha jina la Xerox ilitoka 1959 tu. Kila nikipiga fotokopi ya kitambulisho kwa ajili ya leseni namkumbuka.

Na leseni ndiyo inayonikera. Mwaka mmoja nililipa dalali "anayejua watu" ili anishughulikie leseni ya biashara, na alinitajia ada iliyonipa kizunguzungu. Baadaye ndipo nikajua kwamba ada za leseni huandikwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti, mstari kwa mstari, kwa aina ya biashara na ukubwa wake. Si siri. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na ipo Sheria ya 2016 ya kuipata haki hiyo. Lakini haki iliyo ndani ya kompyuta ya ofisi inamfaa nini mama wa mahamri anayefunga meza saa nne asubuhi? Ningepewa kauli, ningetaka kila maktaba ya umma ya Pwani iwe na meza moja tu, si jengo jipya: Sheria ya Fedha ya mwaka huo, mpango wa maendeleo wa kaunti, majedwali ya sensa, viwango vya vyakula, na mtu wa kukufafanulia kwa Kiswahili. Maktaba zetu nyingi zimegeuka vyumba vya kudurusu mitihani. Wanafunzi wana haki yao, lakini mtu mzima akiingia huonekana kama amepotea njia.

Sitasema maktaba ina majibu yote. Kitabu nilichokitegemea zaidi kiliandikwa kwa ajili ya watu wenye mitambo ambayo hapa Amu hata mahali pa kuipitisha hapana, maana vichochoro vyetu ni vya mtu na punda. Kilipendekeza sukari kiasi cha kugeuza achari kuwa jemu. Mahali hapo nilikifunga nikamwuliza shangazi.

Juzi nimerudi ngomeni na suali jipya: kwa nini achari yangu inageuka rangi ya kahawia baada ya miezi miwili, ingawa ladha iko pale pale? Nikaenda moja kwa moja hadi 664, siku hizi sihitaji kuonyeshwa. Mahali pa kitabu palikuwa wazi. Mkutubi akaninong'oneza kwamba kiko mezani kwa msomaji mwengine, akaashiria kwa macho. Nikageuka. Alikuwa yule bibi wa Mkomani anayeuza achari ya ndimu, ameinama, anaandika kwenye daftari, na mbele yake pakiti ya zile karatasi za kupimia ukali.