Miaka Mitatu ya Duke Ellington Ndani ya Kasha Moja

Wapenzi wengi wa jazi ya bendi kubwa huanza na mikusanyiko ya vibao bora, ile inayochukua wimbo mmoja wa miaka ya 1920, mwingine wa miaka ya 1940 na mwingine wa miaka ya 1950, kana kwamba bendi ni ile ile siku zote. Kwa maoni yangu, kasha la CD linaloshikilia kipindi kifupi na kukimaliza chote lina manufaa makubwa zaidi. Mfano wangu ni "Never No Lament", toleo la mwaka 2003 lenye CD tatu na nyimbo 75 ambazo okestra ya Duke Ellington, mpiga piano na mtunzi wa jazi wa Marekani, ilizirekodi katika kampuni ya santuri ya Victor kati ya Machi 1940 na Julai 1942.

Ukizisikiliza kwa mfuatano wa tarehe, baada ya muda unawajua wapigaji kwa sauti zao, kwa sababu Ellington alimwandikia mtu fulani na si ala tu. Johnny Hodges anapoinua saksafoni yake ya alto, hakuna haja ya kusoma kijitabu ili ujue ni nani.

Chukua "Ko-Ko", iliyorekodiwa Chicago tarehe 6 Machi 1940. Harry Carney anafungua kwa saksafoni ya baritoni, akishikilia noti moja nzito chini kabisa, kisha tromboni ya Juan Tizol inatoa mwito na saksafoni zinaitikia. Baada yake anakuja Joe Nanton, anayefungua na kufunga mdomo wa tromboni kwa raba ya kuzibulia sinki hadi ala inasema kama binadamu mwenye hasira. Umbo lenyewe ni bluzi ya hesabu 12, yaani mzunguko wa vipimo 12 vya mapigo unaorudiwa, jambo ambalo kila mpigaji wa jazi alilijua, lakini kila mzunguko unapanda ngazi, piano inazidi kugongana na sauti za wenzake, na mwishoni bendi nzima inapuliza kwa pamoja. Yote hayo hayafiki dakika tatu, kwa kuwa upande mmoja wa santuri ya inchi 10 haukuweza kubeba zaidi ya hapo. Naamini ufinyu huo ulimsaidia Ellington, kwani hakuna pumzi iliyopotea bure.

Siku hiyo hiyo walirekodi "Jack the Bear", na hapo ndipo anaposikika vizuri Jimmy Blanton, kijana wa Chattanooga aliyejiunga na bendi mwaka 1939. Kabla yake, besi katika bendi kubwa ilikuwa hasa ya kuhesabu mapigo. Blanton aliikung'uta kwa mistari inayoimba, akijibizana na bendi tangu mwanzo, na ni yeye anayeufunga wimbo. Kifua kikuu kilimuua tarehe 30 Julai 1942, akiwa na umri wa miaka 23.

Kasha linaonyesha pia namna ugomvi wa fedha ulivyobadili muziki. Mwaka 1941 vituo vya redio vilikataa malipo mapya yaliyodaiwa na ASCAP, chama kilichosimamia haki za watunzi, na tungo za Ellington, aliyekuwa mwanachama, zikakosa kurushwa hewani. Ilibidi bendi itumie tungo za wengine wasio wanachama, hasa za msaidizi wake Billy Strayhorn, na kwa njia hiyo "Take the 'A' Train", iliyorekodiwa Februari mwaka huo, ikawa wimbo wa utambulisho wa okestra. Mimi naipenda zaidi "Chelsea Bridge" ya Strayhorn, yenye upole ambao bendi nyingi za dansi za wakati ule hazikuwa nao.

Mwisho wa kipindi cha kasha hili pia haukuchaguliwa na muuzaji. Kikao cha mwisho kilifanyika Chicago tarehe 28 Julai 1942, na kuanzia tarehe 1 Agosti chama cha wanamuziki wa Marekani kiligoma kurekodi. Okestra iliporudi katika studio za Victor mwishoni mwa 1944, Ben Webster, ambaye saksafoni yake ya tenor ndiyo iliyoupaisha wimbo "Cotton Tail", alikuwa ameshaondoka, na bendi iliyokuwa mbele ya maikrofoni ilikuwa nyingine.