Gereza la Kilwa lina wenyewe

Mashua ikishauacha ufuko wa Kilwa Masoko, Gereza, ile ngome kongwe ya kisiwa cha Kilwa Kisiwani, ndilo linalokulaki. Wareno walijenga ngome pale mwaka 1505, wakaihama miaka saba baadaye. Tunaloliona leo, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya Waomani wa mwanzoni mwa karne ya 19. Ukuta wake wa upande wa bahari uliliwa na mawimbi mpaka sehemu yake ikaanguka. Leo umekarabatiwa.

Kila ninapowasikia watu wakisema "wazungu wametukarabatia", moyo unaniuma. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakatolewa humo. Fedha nyingi zilitoka nje, sikatai. World Monuments Fund, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, walikuwepo, na Marekani ilichangia kupitia mfuko wa balozi zake. Lakini nani alichoma chokaa ya kukarabatia kuta?

Kuchoma chokaa si kazi ya mtu mvivu. Unapanga magogo, juu yake unarundika matumbawe, unawasha, moto unakesha. Jiwe likiiva huwa jeupe na jepesi. Ukilimwagia maji, linachemka na kufumuka kuwa unga. Saruji ungeinunua dukani asubuhi na kumaliza kazi jioni, ila ni ngumu kuliko jiwe lenyewe: hufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya miaka michache tumbawe linamung'unyika nyuma yake. Chokaa inauacha ukuta upumue. Mafundi wa pwani waliyajua haya kabla ya mtaalamu yeyote kuja na kompyuta yake.

Nyuma ya mafundi kuna kamati ya magofu ya kijiji, na hao ndio ninaotaka tuwataje. Ndio wanaokaa barazani na jirani anayetaka mawe ya magofu kwa msingi wa nyumba yake, wakazungumza naye kama ndugu mpaka akaelewa. Afisa akienda na sheria mkononi ataondoka na ugomvi, na mawe yatachukuliwa usiku. Na mikoko iliyopandwa ufukweni kupunguza nguvu ya mawimbi haijilindi. Bila watu wa pale kukubaliana kutoikata, ingekwishageuka kuni zamani.

Wapo wanaosema wanakijiji hawana utaalamu. Mimi nasema mpimaji na mchora ramani tunawahitaji, tena sana. Ila mradi ukiisha wanapanda gari, wanaenda zao. Ufa unaofunguka baada ya mvua ya usiku anauona nani asubuhi? Anayepita hapo akienda kisimani.

Kwa hiyo kamati iitwe kabla ya mfuko wa kwanza wa chokaa kununuliwa, si siku ya kukata utepe. Sehemu ya kiingilio cha wageni ibaki kijijini, kwa maandishi, kwa kiwango ambacho kila mtu anakijua. Na kibao kinachowashukuru wafadhili kiwe na nafasi ya kuandika mafundi na wanakamati kwa majina yao. Mjukuu wa fundi akisoma jina la babu yake pale, hatahitaji semina ya kuambiwa magofu ni yake.

Nilipokwenda mara ya mwisho, mama mmoja wa kamati alinizungusha ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, chini ya yale makuba ya kale. Alisimama ghafla kwenye nguzo. Kwenye ufa kulikuwa na mche, majani mawili tu, mdogo kuliko kidole.

"Huu mtini," akasema. "Ukiuacha masika mawili, mwanangu, mzizi unalipasua jiwe."

Akaung'oa taratibu kwa vidole viwili ili mzizi usikatikie ndani, akautazama kama umetoka mzima, akafuta mkono kwenye kanga. Halafu akaniuliza kama macho yangu bado yanaona vizuri, maana alitaka nimwangalizie kule juu, upande wa kibla.