Nilivyojisifia Uadilifu Mbele ya Jopo

Rafiki yangu anazungusha magrupuni sauti kwamba mbele ya jopo niliapa kwa Msahafu na kulia. Niwasahihishie mapema: sikuapa kwa Msahafu. Wala sikulia, lile lilikuwa vumbi, na mliowahi kukaa Dodoma mwezi wa nane mnalijua. Mengine yote aliyoyasema kwenye ile sauti, kwa bahati mbaya, ni kweli.

Nilikuwa natetea pendekezo la utafiti: wakulima wa zabibu, na nani nyumbani anaamua hela ya mavuno itumikeje. Orodha ya chama chao ina majina 400. Ukiitia kwenye fomula ya Yamane, ile ya kupata ukubwa wa sampuli, yaani watu wangapi wahojiwe, kwa kosa linaloruhusiwa la 0.05, unagawa 400 kwa 1 jumlisha (400 × 0.05 × 0.05). Chini inakuja 2, jibu 200. Hapo nilikuwa kifua mbele. Slaidi iliyofuata ndiyo iliyonimaliza: "A principled approach to sampling", yaani njia ya kuchagua sampuli iliyo "principled". Neno nililiokota kwenye makala za watu wa takwimu, likanipendeza, nikalibandika. (Msinicheke. Nusu yenu mna "robust" kwenye slaidi zenu na hamjui inafanya kazi gani pale.)

Mjumbe mmoja wa jopo, mama mtu mzima, mpole, akavua miwani. Jamani, profesa akivua miwani, anza kukusanya vitu vyako.

"Hii njia yako ni principled kwa maana gani?"

Hapa mniache niende polepole. Nikameza mate. Projekta inaunguruma. Nikafunga kifungo cha koti la kuazima, mikono yake imenifika kwenye vidole. Kisha nikatamka, kwa sauti ya mtu anayeomba kura za ubunge:

"Profesa, mimi nimelelewa vizuri. Kule shambani nilipewa kreti zima la zabibu, nikakataa. Rushwa sipokei."

Kimya. Mwenyekiti akatazama dari. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaongeza:

"Hata soda sikunywa."

"Mwanangu," akasema yule mama, "nimeuliza habari ya sampuli. Malezi nitamuuliza mama yako."

Baadaye akanieleza, na hili mlichukue bure. Mtu akiitwa principled ni mwenye msimamo, hanunuliki. Njia, sababu au uchaguzi wa kitaalamu ukiitwa hivyo, maadili hayahusiki tena: maana yake kila hatua imetoka kwenye nadharia au kanuni unayoweza kuitaja, na uliichagua kabla ya kuyaona majibu. Kinyume chake kwa mbinu ni "ad hoc", yaani ya kuungaunga kulingana na shida iliyojitokeza. Msikimbilie "unprincipled". Hilo kwa kawaida humsema mtu, na ukiliandika kuhusu kazi ya mwenzako atasikia umemwita tapeli.

Sasa mimi nilipanga nini? Kuanza na jina la kwanza, kisha kuruka moja moja hadi nifike 200. Mama akaomba orodha. Karani wa chama alikuwa ameandika mume, mke, mume, mke, kurasa zote. Yaani ningerudi na wanaume 200 kuja kueleza nani anaamua hela nyumbani! Nadharia ya majadiliano ndani ya kaya, niliyoisifia mwenyewe kwenye sura ya pili, inasema mume na mke wanaweza kuwa na matakwa tofauti, na nguvu tofauti za kuyatetea. Basi sampuli ilitakiwa itoke humo: kaya 100 zichaguliwe kwa bahati nasibu, kisha mume ahojiwe peke yake na mke peke yake. Jumla ni ileile 200, ila safari hii kila mmoja ana sababu ya kuwemo.

Nikapewa marekebisho, nikarekebisha, wakasaini, tumemalizana. Neno nimeliacha palepale, nadharia imetajwa juu yake na kaya 100 ziko chini yake. Kantini ndiko kugumu. Siku hizi naitwa Mwadilifu, na muuzaji haniletei soda mpaka aulize meza nzima kama naruhusiwa.