Tumekuja Kutembea

Nimeamka leo, hata uso sijanawa, nafungua simu nakuta mdogo wangu kanirusha mtandaoni. Nimebeba mabegi mawili, moja mgongoni moja kifuani, ulimi nje kama mbwa wa Igoma saa nane mchana. Chini kaandika: "Nilivyompeleka kaka Ukerewe." Yaani yeye ndiye kanipeleka! Mtu niliyemlipia nauli, soda, karanga za melini, mpaka deni la chipsi pale stendi ndipo akaachiwa aondoke.

Mimi mtu mzima. Nina heshima zangu mtaani, msibani napewa daftari la michango. Niliona dogo kamaliza kidato cha sita, anashinda kitandani na simu, sukari inaisha, umeme unaisha. Nikasema nimpeleke kisiwani akajue dunia: begi mgongoni, hema la kuazima, usiku ukitukuta hapo hapo tunalala. Mama, ambaye tangu ilipozama MV Bukoba mwaka 1996 hataki kusikia honi ya meli, alitusindikiza kwa dua na vitisho hadi barabarani.

Begi la dogo lilikuwa zito kama mfuko wa saruji. Sikulifungua. Kosa langu hilo.

Meli mpaka Nansio ni mwendo wa kama saa tatu. Mbili dogo alitapika, moja alilala begani kwa mama mmoja mwenye tenga la kuku. Kuku wakanidonoa mimi.

Tukala wali samaki, tukashika njia ya Bugolora kwa miguu, kesho yake tuvuke kwenda kisiwa cha Ukara tukalione jiwe linalocheza. Bodaboda zinapunguza mwendo, "Twende wakubwa," najibu kwa madaha, "Tunatembea." Wa nne alisimama kabisa, akatutazama, akauliza kwa upole, "Mmeibiwa?"

Jioni tukaelekezwa kwa mwenyekiti wa kitongoji tuombe pa kupiga hema. Tukamkuta chini ya mchungwa anamenya muhogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnatoka wapi?"

"Mwanza mjini. Tumekuja kutembea."

"Karibuni. Kwa nani?"

"Hapana mzee, kutembea tu."

Akaumenya muhogo mzima bila neno.

"Kutembea kwa nani?"

"Kwa miguu, mzee."

"Miguu naiona. Mnakwenda kwa nani?"

Nikakohoa, nikamweleza utalii wa ndani, kwamba Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote Ziwa Victoria, nasi wananchi tuvione vya kwetu. Niliongea vizuri mpaka nikajisikia mbunge. Mzee akamgeukia dogo: "Kijana, kaka yako ana tatizo gani?"

Na dogo, tuliyenyonya naye ziwa moja, akajibu: "Hata mimi nashangaa."

Basi nikawa mshtakiwa. Majirani wakajaa. Mama mmoja akauliza kama tunauza dawa ya panya. Kijana mwenye jezi ya Yanga akanong'ona, nami nikasikia vizuri sana: "Hawa wamekimbia mikopo ya kausha damu." Jasho likanitoka. Marejesho yangu ni kila Jumanne, na siku ile ilikuwa Jumatano.

Mabegi yakafunguliwa. Langu: hema, sufuria, tochi, kamba. Kamba ikazua minong'ono. La dogo: viatu jozi nne, spika, kioo, na pasi ya umeme. Pasi yangu! Mwenyekiti akaipima mkononi, akatazama hema, akatazama pasi.

"Mnalala porini," akasema, "ila mmenyoosha."

Ustaarabu ukaniishia pale pale. Nikafoka mbele ya kadamnasi: pasi ya nini wewe, utaichomeka kwenye mchungwa? Dogo, bila haya: "Kaka, si tutapiga picha."

Hukumu ikatoka: hema halipigwi. "Watu watasema wageni wetu tumewalaza nje kama mbuzi." Tukalala ndani, mkeka mmoja, sisi na wajukuu wake watano. Ugali wa muhogo kwa sato, hapo sina neno. Neno ninalo kwa goti la mjukuu wa tatu.

Jiwe tuliliona. Wenyeji waliliimbia, mimi kwa uchovu niliona mpaka miti inacheza. Kurudi, dogo mkono ulikuwa na kazi ya kushika simu, ndipo nikabeba mabegi yote. Na gunia la machungwa ambalo mzee alimtumia mama nililibeba kichwani, ila hilo picha imelikata.

Jana natafuta pasi ninyooshe shati la kazini, haipo. "Si nilimwachia mzee," anasema dogo, "kama asante." Nikapiga simu. Mzee kapokea kwa furaha, kaulizia mama, kaulizia machungwa. Pasi ipo, inapata moto safi sana, twende kuichukua wakati wowote. "Tena sasa hivi," akasema, "mkija mna kwa nani."

Shati nimelilalia usiku kucha chini ya godoro. Limetoka na mistari ya chaga mgongo mzima. Na mlango unagongwa, na leo Jumanne.